Vitundu Vitatu Vitatu

Himyar alikivuta kisu mara tano juu ya ngozi mpya ya kunolea, mgongo mbele, makali nyuma, kama inavyotakiwa. Mara ya sita mkono ukasita. Akaiinua ile ngozi juani, akaikodolea macho.

Vitundu vya nywele vilikuwa vimekaa vitatu vitatu.

Alikwishasikia kwa wanaojua ngozi: ukiona vitatu vitatu, huyo ni nguruwe. Na aliyemtengenezea ni Tadeo, mshona viatu wa ng'ambo ya njia, ambaye nyuma ya nyumba anafuga nguruwe sita.

Miaka thelathini Himyar anachinja. Pongwe nzima, kuanzia imamu hadi watoto wanaotumwa nusu kilo, wanakula kwa kisu chake bila kuuliza. Neno hili likivuja, bucha litabaki na nzi.

Akavuka njia.

"Tadeo, ngozi hii ni ya mnyama gani?"

"Hata salamu leo hakuna?" Tadeo akacheka, misumari imemjaa mdomoni. "Uliniagiza ngozi laini. Imekukwaruza makali?"

"Nimekuuliza mnyama."

"Wa miguu minne. Au wataka na ukoo wake?"

"Mimi leo sitanii!"

Kicheko kikakatika. Tadeo akaitema misumari kiganjani, akatazama pembeni. "Aliyeileta kanikataza nisiseme. Vumilia mpaka Ijumaa."

Himyar akaondoka bila kuaga. Jambo la halali nani hulificha? Njiani akaigeuzageuza ngozi. Ilikuwa imeng'aa pahala pawili, sambamba, kama iliyosuguliwa miaka na miaka. Ndivyo nguruwe wanavyojikuna bandani mle, akajiambia.

Nyumbani akakiosha kisu mara saba, mara moja kwa udongo. Akaosha na mikono. Kisha akaishika ile ngozi kwa gazeti, akaenda nayo uani, akaitumbukiza kwenye shimo la choo. Alisikiliza mpaka ikafika chini. Ndipo akashusha pumzi.

Adhuhuri mkewe, Shamsiya, akarudi kutoka sokoni. Hata kikapu hajakitua.

"Baba Jumana, umemfanya nini Tadeo? Kanisimamisha njiani, asema umemwandama kama polisi."

"Kwani wewe wayajua ya ngozi ile?"

Shamsiya akaona haya, akatabasamu.

"Basi siri imekwisha. Nilitaka nikwambie Ijumaa, siku ya khitma ya marehemu baba yako. Ule mswala wake ulikuwa wa ngozi ya mbuzi; Tadeo asema na mbuzi vitundu vyake hukaa vitatu vitatu. Panya waliutafuna kingo zote. Nikampelekea Tadeo kipande cha katikati kilichosalimika, pale baba alipokuwa akiweka magoti."