Colle ya Papa

« Papa, tupite nyuma! Ba mama ya soko wanakuya! »

« Niache, Franck. »

« Tangu lundi ulijua serikali itafunga banki yenu ya coopérative, na hukutoa hata pesa yangu ya kununua pikipiki! »

« Na ba mama hawakutoa yao. »

Agent mwenye kutoka Kinshasa alikuwa anabandika scellé, karatasi ya serikali ya kufunga, ku mulango wa banki. Colle yake, ile gundi ya kubandikia, ilikauka. Papa, gérant, musimamizi wa banki kwa miaka kumi na tisa, akafungua sac, mufuko wake wa kazi, akamupa colle yake mwenyewe.

Karatasi ikainama upande. Papa akainyoosha na kidole, pole pole, sawa vile alikuwa ananyoosha shati yangu wakati ningali ku masomo.

« Bon, leta sac, » nikasema.

Akanipa. Akageuka, akaenda kukutana na ba mama.