Injini Isiyovuta Pumzi

“Ukilifungua tena hilo bomba, baba watoto, leo utalala humo humo ndani ya ndege, na chakula akupikie injini.”

Mumewe hakugeuka. Alikuwa ameinamia pua ya ndege, bisibisi mdomoni, akajibu kwa meno kwamba injini haipati hewa ya kutosha, na injini isiyopata hewa ni sawa na mtu anayepanda ngazi huku ameziba pua. Mfano huo mkewe alishausikia mpaka angeweza kuuimba.

Alikuwa amechoka. Ndege hiyo ilianza kuundwa kitinda mimba wao akiwa tumboni, na sasa kitinda mimba ananyoa ndevu. Kwanza ilikaa sebuleni, bawa likipita juu ya kochi, wageni wakiinama kama wanaoingia pangoni. Kisha ikajengewa banda uani, pale pale alipotaka kuweka cherehani yake. Yeye, fundi wa nguo anayetegemewa na mtaa mzima, mpaka leo anashonea chumbani, goti likigonga kitanda. Mumewe watu wanamwita Rubani, wakishapita ndipo wanacheka.

Injini ikiwashwa hunguruma vizuri tu. Ikiongezwa mafuta hukohoa, hutetemeka, huzimika. Rubani alipanua mdomo wa kuingizia hewa, ikakohoa. Akanyoosha bomba ili hewa isihangaike na kona, ikakohoa. Akaweka kichujio kikubwa zaidi. Ikakohoa kwa sauti nene. Kila alipomaliza alifunga viungo kwa waya mwembamba, akiusokota kwa mkono wake wa kushoto, kinyume na dunia nzima. Mkewe aliijua misokoto hiyo: ya geti, ya kamba ya nguo, hata ya mfuko wa sukari. Alichofunga huyu mtu hukifungui mpaka ukumbuke kuzungusha upande usio wake.

Leo shemeji alikuwa anakuja na trela kuivuta ndege hadi uwanjani. Ukoo wote ulishaambiwa, na wengine walishatangulia huko na viti vyao.

“Isiporuka leo,” mke alisema, “kesho banda ni langu. Hayo mabawa nitayafanya meza ya kukatia vitambaa.”

“Sawa, mama,” alijibu Rubani, kwa upole uliomkera kuliko ubishi. Akaenda kwenye bomba la maji kunawa mikono, mikono aliyokuwa amekwisha kuinawa mara kadhaa tangu asubuhi. Chai yake ilikuwa pale pale kwenye kibao, imepoa, haikuguswa.

Mke akabaki na ndege. Hakuwahi kuigusa, aliiona kama mke mwenza, na mke mwenza humsalimii kwa kumshika. Lakini leo hasira zilimpa mikono. Alibandua kifuniko cha kichujio, akakunja mkono wa gauni, akauingiza mkono bombani hadi kwenye kiwiko.

Vidole vikagusa kitu laini.

Kitambaa. Akainama, akachungulia: bitana ya zambarau, ile aliyoitafuta nyumba nzima mpaka akamgombeza mkwe wake bure. Imekunjwa, imejaa bomba karibu lote. Kumbe mateso yote haya ni tambara lililosahauliwa! Alifungua kinywa amwite mumewe, wacheke wote wawili, wapande trela waende.

Akaivuta. Haikuja.

Vidole vyake, vilivyozoea kufuata uzi bila msaada wa macho, vikapapasa kilichoishikilia. Waya. Mwembamba, mpya, umekazwa kwa uangalifu ili kitambaa kisije kikamezwa na injini. Umesokotwa kushoto.

Honi ya trela ililia nje. Shemeji akasikika akiita kwamba Rubani atoke, leo ni leo. Huko nyuma ya banda maji ya bomba yaliendelea kumwagika.

Mke akageuka, mkono ungali ndani, akaitazama ile chai iliyopoa. Kisha akaisukuma bitana ikae vizuri mahali pake, akarudisha kifuniko, akafuta mafuta kwenye gauni na kwenda getini kwa haraka kabla mumewe hajafika.

“Rudi na trela lako, shemeji,” alisema. “Nimeikagua mwenyewe. Hewa bado haipiti.”