Sindano Anahariri

Kila mara fundi cherehani alipobonyeza "Chapisha", tovuti ya duka lake iligoma. Nywila mpya ilikuwa imekubaliwa, lakini magauni ya mwaka jana yalibaki palepale.

"Soma maandishi ya juu, mama," alisema fundi wa mitandao kwenye simu.

Mama akasogeza miwani, akasoma: *Sindano anahariri ukurasa huu.*

Kidole chake, kigumu kwa miaka ya kushona, kikabaki hewani.

"Ni binti yangu," alisema. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, kwa wembamba wake. "Ndiye aliyeitengeneza tovuti hii."

"Basi mwambie afunge kompyuta yake. Ameiacha wazi."

Kompyuta ilikuwa chumbani kwa binti, kwenye chaji. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kufungua mlango ule.

"Tumeshamzika, mwanangu."



"Pole sana, mama. Sikujua." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kuna kitufe hapo kimeandikwa 'Mwondoe'. Ukikibonyeza, ukurasa unakuwa wako."

Alikitazama kitufe mpaka machozi yakafuta maandishi.

"Hapana," alisema. "Mwache amalize."