Kinyonga Mpaka Rangi na Mtaa wa Ngiri

Ngiri alikuwa na mtaa usiokanyagwa na yeyote. Kinyonga akahamia, akazipaka kuta rangi polepole, mpaka wanyama wakawa wanamiminika kutazama na maduka yakafunguliwa. Ndipo Ngiri akapandisha kodi.

"Mzee Ngiri, wageni hawa wamefuata rangi zangu," Kinyonga akamsihi.

"Rangi hailipi kodi. Chumba chako nimempa Fisi afungue baa."

Kinyonga akaondoka, hana hata nguvu ya kugombana. Mvua zikazichujua kuta, wageni wakapotea, Fisi naye akafunga baa. Ngiri akamfuata Kinyonga ng'ambo ya mto, alikokuwa akipaka rangi kuta za mtaa mwingine.

"Rudi, ndugu yangu. Utakaa bure."

Kinyonga hakushuka ukutani. "Mwenye mtaa huu naye jana alikuja kupima vyumba," akajibu kwa uchovu. "Akinifukuza, nitakuja."