Kichupa cha Salha

"Vyeti umevipanga ukuta mzima, Dakta, halafu kadi ya bima ya serikali inakushinda?"

"Mama, nimeshasema. Maabara yangu haipokei bima hiyo. Nenda hospitali kuu."

"Hospitali kuu ndiyo iliyonituma! Wanasema mpimaji wa vinyama mji huu ni wewe peke yako. Sasa hiki nikakipike?"

Zawena akakitua kichupa mezani kwa kishindo. Ndani ya dawa kilielea kinyama walichomkata binti yake, Salha, kwenye titi.

Dakta Kimweri akakiinua amrudishie. Mwanga wa dirishani ukapita ndani yake, naye akakisogeza karibu na macho. Akakigeuza taratibu. Hii ndiyo kazi aliyoisomea ng'ambo na kuifanya mpaka akaota mvi.

"Kiache, mama," alisema kwa upole. "Kadi sihitaji. Nitakipima mwenyewe, leo hii."

Zawena alikuwa na maneno mengine tayari mdomoni. Hayakuwa na kazi tena. Alitamani mzee yule amfukuze tena.

"Umeona nini?"

"Ngoja nipime kwanza." Hakumtazama.

Zawena akachukua kadi yake, akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, akatoka. Salha akainuka kwenye benchi.

"Amekataa?"

"Amekubali. Twende kwa fundi tukachukue lile gauni lako."

"Nilijua tu! Nani akuweze kwa mdomo, mama?"

Salha akampokonya kadi, akatangulia njiani akijipepea nayo, huku akicheka.