Kobe wa Chiriku

Kobe wawili walitazamana juu ya meza ya jikoni, na mmoja wao alikuwa wa kuliwa kesho yake.

Fundi wa keki aliinama katikati yao, sukari ya kijani hadi kwenye nyusi, akichora mistari ya gamba kwa ncha ya kijiti cha meno. Anatazama kobe halisi, anachora. Anatazama tena, anafuta, anachora. Kobe huyo aliazimwa kutoka kwa mwenye sherehe ya kuzaliwa ya kesho, ili awe mfano wa kuiga. Wote wawili walikaa juu ya vibao vya keki vinavyofanana, maana Fundi alitaka vimo vyao vilingane.

Hakuwa na nafasi ya kukosea. Mwaka jana alipeleka keki ya simba katika nyumba hiyohiyo. Mwenye sherehe, binti ambaye kwa wingi wa maneno yake aliitwa Chiriku, aliizunguka mara moja akauliza, "Hiki kiazi ni cha nini?" Watoto walicheka mpaka wakagaagaa sakafuni. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Fundi Mama Kiazi. Safari hii wakicheka tena, alijiapia, mambo ya maumbo basi. Atarudi kuoka mikate kama watu wengine.

Jioni aliwaingiza wote kwenye chumba cha baridi, mbali na joto la oveni, kila mmoja na boksi lake jeupe. Vifuniko aliviacha wazi kidogo: kimoja ili sukari ikauke, kingine ili kobe apumue.

"Narudisha lipi?" mumewe aliuliza, ufunguo wa gari mkononi.

"La kushoto," alisema Fundi, mikono kwenye sinki. "Na usiliinamishe."

Mumewe alizunguka akaingia chumbani humo kwa mlango wa uani, unaotazamana na ule wa jikoni na ulio karibu na gari. Kwa kuwa ni mtu makini, aliinua kifuniko cha boksi la kushoto kwake kuhakikisha. Ndani aliona kobe. Akafunga, akaondoka.

Asubuhi Fundi alifungua boksi lililobaki, akashika kifua. Usiku mmoja tu wa baridi, na rangi ilikuwa imetulia, ngozi ya shingo imepata mikunjo, hata jicho lilikuwa na unyevu. Hakuthubutu kuigusa. Keki iliyokamilika haiguswi. Alama ya kidole kwenye sukari haifutiki.

"Mke wangu, sasa unatisha," mumewe alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Kabla hawajatoka, simu iliita. Alikuwa Mama Chiriku.

"Fundi, huyu kobe wetu tangu arudi hataki kula. Hata kutikisika hatikisiki. Na sisimizi wamemjaa."

"Ametoka jikoni kwangu, mama. Atakosaje kugandwa na sukari? Halafu alilala penye baridi, na kobe akipata baridi huzubaa." Fundi alipenda jambo lenye sababu, na hili lilikuwa nazo mbili.

"Bibi yake Chiriku anasema amwogeshe."

"Amwogeshe tu. Maji ya uvuguvugu, na amsugue vizuri."

Sebule ya sherehe ilikuwa imejaa maputo na watoto, na haikuwa rahisi kujua kipi kinaruka zaidi. Fundi aliweka boksi mezani, akafungua kuta zake zote nne. Akazungushia majani ya jeli ya kijani kwenye kibao, na mishumaa pembeni kabisa, mbali na gamba.

Kelele zilikatika kama redio iliyochomolewa.

Chiriku alikuja na taji lake la karatasi. Aliizunguka keki mara moja, kama alivyomzunguka simba. Akazunguka tena. Akasogeza pua.

"Ni yeye," Chiriku alisema. "Hata pale alipomeguka siku ile alipoanguka kwenye ngazi umeweka."

Fundi hakukumbuka kuweka mahali palipomeguka, lakini hakuona sababu ya kubishana na sifa.

"Tunajitahidi," alijibu.

"Mama Kiazi leo kaweza," jirani mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Hapo ndipo Fundi alipoona jani moja la jeli, lile la karibu na mdomo wa kobe, limeng'atwa nusu. Alimgeukia mtoto wa jirani, mwenye mashavu kama maputo mawili zaidi, aliyesimama karibu na meza kuliko wote.

"Nani kala jani?"

"Siyo mimi. Kala kobe."

Sebule nzima iliangua kicheko, na Fundi akacheka kuliko wote. Hiki kilikuwa kicheko ambacho angeweza kulala nacho.

"Sasa mnacheka nini?" mtoto alinuna. "Mimi nimemwona."

Wakaimba. Chiriku akazima mishumaa kwa pumzi moja na mate kiasi. Mama yake akampa kisu, akamshika mkono.

"Tuanzie wapi, mwanangu?"

"Kichwani," alisema Chiriku baada ya kufikiri. "Ili asisikie maumivu."

"Hapohapo," alisema Fundi. "Ndiko nilikoweka krimu nyingi."

Kisu kikashuka, polepole, watoto wote wakihesabu.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Bibi aliingia na beseni, mikono yake ya kijani hadi viwikoni.

"Jamani," alisema, "huyu kobe wenu nimemsugua kidogo tu, miguu yote imebaki kwenye maji."

Mezani, keki ilirudisha kichwa ndani.