Mkono wa Lea

Costancia aliigeuza pochi nje ndani kabla hata hajamshukuru kondakta wa basi la Mikumi. Urembo wa nje haukumshughulisha. Mkono wa mshonaji huonekana ndani, kwenye mafundo.

"Mkwe wako kasisitiza ikufikie mkononi," kondakta alisema.

"Tazama," Costancia alimwambia jirani yake, Ziada. "Hakuna fundo lililolegea. Mwanangu amenisamehe."

"Pochi ndiyo imekwambia?"

"Imeniambia."

Ilikuwa pochi ya uzi wa katani yenye nakshi ya nyayo za njiwa. Bibi yake Costancia, mke wa mkata mkonge, ndiye aliyeibuni nakshi hiyo kambini kwa mabaki ya uzi, na tangu hapo hakufundishwa mtu wa nje. Mama humfundisha binti yake, basi. Pale Chanzuru aliyebaki akiijua ni Costancia peke yake. Mwingine alikuwa Lea, binti yake wa pekee, aliyeolewa Mikumi.

Siku Lea alipomfuata Urbanus, dereva wa lori aliyekwisha kumzaba kofi mbele za watu, Costancia alimwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, nisiisikie tena sauti yako." Kiburi si maungwana, na mama huyu alikuwa nacho cha kugawa. Binti naye alikuwa damu yake: hakupiga simu tena. Hata alipojifungua mtoto wa kike, habari ililetwa na watu wa basi. Alituma pochi tu, kila mwezi, bila neno.

Mwaka jana, baada ya masika, ilikuja moja ya ajabu. Imepinda, mafundo yamevimba, kama kazi ya mtu anayejifunza. Costancia alilia. Mkono ukitetemeka hivyo, alijiambia, moyo una hasira. Ya mwezi uliofuata ilinyooka kidogo, iliyofuata ikanyooka zaidi, naye akaona hasira inapungua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye aliupapasa kwa vidole, fundo kwa fundo.

Sasa hii haikuwa na kasoro hata moja.

Kesho yake alipanda basi, kuku miguuni, khanga mpya ya Lea kwapani. Njia nzima alirudia maneno ya kuomba radhi. Mzazi hampigii mwanawe magoti, lakini yeye angepiga. Aliogopa jambo moja tu: Lea amfungie mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Lori la Urbanus halikuwepo. Kizingitini alikaa msichana wa miaka minane hivi, anashona pochi ya katani, vidole vimejaa alama za sindano.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Costancia aliziona nyayo za njiwa, akainama akitabasamu. "Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Unashona vizuri kama yeye. Kamwambie ana mgeni."

Mtoto alitazama barabarani kwanza, kisha akanong'ona.

"Mama tulimzika shambani, mwaka jana. Watu baba anawaambia amerudi kwao. Kasema pochi zisipofika, bibi wa Chanzuru atakuja na polisi. Usimwambie baba kama nimesema."